Yai la Jumatano

Utotoni mwangu, pale Kisumu Ndogo mjini Malindi, tulifuga kuku watano na sikuwahi kuonja yai hata moja. Bibi yangu aliyenilea, ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe, alikuwa na sababu yake. Mtoto akila yai, alisema, atakuwa mwizi. Ushahidi alikuwa nao: kijana mmoja wa mtaa wa pili aliyefukuzwa sokoni akiwa na sufuria ya watu kichwani. "Huyo alilishwa mayai," alisema Hawe, na mjadala ukafungwa. Mayai yetu yalikwenda dukani, yakarudi yakiwa unga na mafuta ya taa.

Nilipokuwa darasa la pili, watoto wawili walianguka gwarideni kwa njaa. Mwalimu wetu, Mwalimu Kadzo, akawaomba wazazi wenye uwezo, na kila Jumatano tukawa tunapewa yai moja moja la kuchemsha. Langu la kwanza nililitazama mpaka wenzangu wakaanza kulinyemelea. Ndipo nikalila. Kiini kilinikwama kooni, na bado niliona raha.

Kisha nikaanza kuungoja wizi. Juma zima nilipita mbele ya mama muuza mahamri nikiwa nimebana mikono kwapani.

"We mtoto, waumwa?" aliniuliza.

"La, mama. Naizuia mikono."

Kanisani, sahani ya sadaka ilipopita, niliikalia mikono yangu.

Jumatano iliyofuata mwenzetu mmoja hakuja shule, na yai lake likabaki peke yake ndani ya ndoo. Niliuona mkono wangu ukienda, wala haukuniuliza. Nikalificha yai kwenye sketi, nikakimbia nyumbani nikilia kwa sauti.

"Hawe, nimekuwa mwizi!"

Alilitazama yai, akanitazama mimi. "Kumbe ulishakula jingine?"

"Nilikula."

Nikangoja kofi. Badala yake akauliza, kwa sauti ya chini, "Lina ladha gani?"

Nilidhani ananitania. Mwanamke aliyefuga kuku tangu ujana wake alikuwa hajawahi kuonja yai! Naye alikatazwa na bibi yake. Nikamkabidhi.

"Na uzee huu, nami nianze wizi?" alisema, huku ameshaanza kulimenya.

Alinipa nusu, akala nusu, amefumba macho. Kesho yake tulimpelekea mwalimu yai letu wenyewe, bichi, na njiani Hawe akanionya nisitaje nani alikula lile. Tangu siku hiyo, yai moja kila juma halikufika dukani.

Mwaka huu nilialikwa kwenye mkutano wa kuzungumzia umaskini wa watoto, katika hoteli moja huko Bofa. Asubuhi mezani kulikuwa na mayai ya kila namna, na mengi yakarudishwa jikoni. Wataalamu walizungumza mpaka adhuhuri. Mmoja akasema tatizo ni imani potofu za wazee wetu. Nilikasirika, nasema kweli. Aliyeanzisha ile imani simjui, lakini naamini alikuwa na kuku wachache na watoto wengi, na hakuwa na moyo wa kuwaambia "hakuna". Zamu yangu ilipofika nilisema nchi impe kila mtoto chakula shuleni, kila siku, isingoje mpaka waanguke gwarideni. Mwenyekiti alinishukuru, akasema hoja yangu itafanyiwa utafiti.

Ningebishana naye, ila mkobani mwangu mlikuwa na mayai mawili ya hoteli na sikutaka watu wanisogelee.

Jioni nilimpitia Hawe, ambaye sasa hana meno na yai ndilo chakula anachokimudu. Nikayaweka mbele yake. Aliyatazama, akanitazama.

"Umeiba?"

"Nimeiba, Hawe."

"Si nilikwambia?" akasema. "Haya, lete chumvi."