Msaliti wa Klabu ya Babu

Leo nimemjua msaliti tuliyemlaani utoto wetu wote.

Klabu ya mpira ya Babu kule Unguja ilianza zama za Malkia Viktoria. Ilikufa, kwa maneno ya Babu, kwa sababu mchezaji mmoja aliihama siku ya fainali akawachezea mahasimu.
Kila Ijumaa baada ya chakula akitusimulia, na sisi wajukuu tukipiga kelele: "Alaaniwe!"

Leo Bi Zuwena, dada yake Babu, kaja kututembelea hapa kwetu ughaibuni, Al Khoudh. Kaiona picha ya timu ukutani.

"Si ndiyo klabu uliyoihama hii, kaka?"

Babu kainamia kikombe chake cha kahawa.

Jamani, nimsuse au nimsamehe? Semeni nyie.
Maana kila tulipolaani, yeye ndiye aliyeitikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko sote.