Kipanga, vifaranga tisa vya mama mkwe, na usafi wangu

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku Kalundu.

Haya yamenikuta mwenyewe, mwaka huu, nyumbani kwangu. Sijaongeza chumvi, maana hata bila chumvi yananitia aibu.

Mama mkwe, tunayekaa naye ua mmoja, alikwenda Bwegera kwa ndugu zake kuvuna mpunga. Akaniachia kuku wake mwenye vifaranga tisa, ambao aliwatenga kwa karamu ya komunyo ya kwanza ya binti yangu Neema.

Miaka kumi nimeolewa na mwanawe, hajawahi kuniachia kitu chake, hata sufuria. Kwa hiyo mnaelewa uzito wa kuku yule.

Nikaamua arudi akute kwake kunang'aa. Nikakata mihogo yote kando ya uzio, nikang'oa maboga yaliyotambaa chini yake, nikafagia mpaka ikabaki mistari ya ufagio tu. Majirani wakanisifu.

Kesho yake asubuhi kifaranga kimoja kikabebwa. Keshokutwa yake, cha pili.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiofuga.

Wengi humwita mwewe kila ndege anayekula nyama. Mwewe ni yule mkubwa, mkia wake umegawanyika, anazunguka juu ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akitafuta matumbo yao. Unamwona tangu mbali. Kipanga ni mdogo na mkimya. Anajificha kwenye majani ya mparachichi, kisha anapita chini chini kama jiwe lililorushwa. Ukija kumwona, ameshaondoka na chake.

Kuwafungia ndani kutwa nzima sikuweza, kifaranga hukua kwa kuchakura. Nikatundika utepe wa kaseti ya zamani, ule ambao wakulima wa mpunga hufukuzia ndege. Kipanga akatua karibu yake. Nikavipaka vifaranga dawa ya vidonda, ile ya zambarau, ili avione vya ajabu. Walioviona vya ajabu ni watoto wa mtaa.

Siku ya tatu nikakaa mlangoni nikichambua ndagala, dagaa wetu wa huku, macho nje.

Kuku akatoa ule mlio mfupi wa hatari. Vifaranga vyote saba vikakimbia kwa pamoja hadi kando ya uzio. Vikasimama kwenye visiki vya mihogo, vikajikunyata, na juu yao hakuna kitu ila mbingu.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Mama yao aliwafundisha vizuri. Maficho niliyakata mimi.

Nikarusha kandambili. Kipanga akageuza njia. Jirani yangu Mama Riziki, anayeanika ndagala upande wa pili, akachungulia.

"Mama Neema, weye unatupia ndege sapatu?"

"Inamaliza kuku ya mukwe wangu."

"Kuja. Niko na filet ya zamani, ile nafunikiaga samaki."

Tukautandaza wavu ule chini chini juu ya visiki, tukaweka makuti ya mchikichi juu yake. Vijiti vya mihogo nilivyokata vilikuwa bado vibichi, nikavipanda upya.

Kipanga hakuhama. Aliendelea kuja, na asubuhi moja akaondoka na panya. Sikumrushia kitu.

Mama mkwe akarudi. Alihesabu kabla hajaketi, akakikamata kimoja chenye zambarau bado.

"Nilikuachia tisa. Iko saba. Na juu ya nini iko mauve?"

"Kipanga, mama. Ilibeba mbili."

"Na mihogo yangu?"

"Nilikata, mama. Nilitaka ukute parcelle yako iko propre, iko safi."

Akautazama uzio, akautazama wavu, akainama kugusa chipukizi moja la muhogo.

"Basi weye ulimufagilia kipanga."

Hakucheka. Akaingia ndani. Nikajua sitaachiwa tena hata kijiko.

Niliyojifunza ni haya: kabla hujapambana na ndege, angalia kuku wako anakimbilia wapi. Pahali hapo usipaguse. Kichaka kidogo, maboga, hata kapu lililopinduliwa, vinatosha. Na kama umeshakata kama mimi, usikate tamaa, muhogo huota upesi.

Wiki iliyopita mama mkwe alikwenda tena Bwegera. Ameniachia kuku mwingine anayeatamia mayai kumi na moja.

Nanyi kwenu vifaranga vinajificha wapi? Andikeni hapa, nitamjibu kila mmoja. Muda ninao, maana ufagio amesafiri nao.