Tokeni Nje Ninyi

Kila Jumamosi nampelekea dada yangu mkate kwenye kituo cha walemavu, hapa Musoma. Siku moja, benchi la pili, jamaa wa Kiabakari alikuwa akimweleza kaka yake polepole, kama anaongea na mtoto, kwamba mdogo wao wa kike amechumbiwa na mahari imeshapangwa.

Kaka mtu akageuza kiti chake cha magurudumu. "Baba alipofariki, nani alichukua nafasi yake?"

"Wewe, kaka."

"Basi kikao ni hapa. Wakwe waje."

Jumamosi iliyofuata wakaja kweli, na suti zao, mpaka bwaloni. Mazungumzo ya mahari yalipokaza, jamaa akanong'ona: "Kaka, wenye binti tunatokaga nje kuteta."

Kaka mtu akawatazama wenzake wanne wa kituoni, aliowateua kuwa wazee wa ukoo asubuhi hiyohiyo, wote kwenye viti vya magurudumu. "Mpaka sisi tutoke, jua litakuwa limezama." Akawageukia wakwe. "Tokeni ninyi!"

Wakatoka juani. Waliporudi, ng'ombe wawili walikuwa wameongezeka.

Sisi wageni tuna tabia ya kuleta mkate pamoja na maamuzi. Juzi nimemkuta yule jamaa wa Kiabakari amesimama mlangoni na mkate wake, anasubiri kukaribishwa. Nikajipanga nyuma yake na wangu.