Firigisi ya Babu

Mwanangu, nikisikia harufu ya kuku akinyonyolewa kwa maji ya moto, nakumbuka Jumamosi moja kwetu Akheri, mkesha wa kipaimara cha mdogo wangu Eliamani. Nilikuwa msichana wa ulimi mwepesi, mambo yote nayajua mimi.

Mama alikuwa amefuga kuku wa kisasa kwa ajili ya sherehe hiyo. Wiki ile utitiri uliwavamia, naye akawapaka dawa ya nyanya, ile ya kuulia wadudu shambani. Asubuhi wakaanza kusinzia, mate yakiwatoka. Kwetu kuku akisinzia hangojwi, anachinjwa kabla hajafa. Tukawachinja wote. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wageni walishaalikwa, nani alitaka kusikia methali?

Firigisi ya kwanza kuiva ni ya mzee wa nyumba. Nikampelekea babu barazani. Akauliza kuku walikuwa na nini, nikamweleza huku nacheka. Akafunika sahani. Kisha akawaita watoto wote waliozunguka sufuria waje wakae naye, yeye asiyependa kelele. Nikadhani ni furaha ya kipaimara.

Tulikuwa bado hatujaonja walipoingia bwana mifugo wa kata, bibi afya na askari.

"Shikamoo mama," alisema bwana mifugo. "Kuku hawa wana sumu. Sheria hairuhusu waliwe. Tunawachukua wakafukiwe."

Mama alisimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi. "Kesho watu wa kanisa nawalisha nini?"

Askari akasogea, mama hakusogea. Niliogopa watamkamata. Hasira zikanipanda, nikapaza sauti kwamba aliyetuchongea Mungu anamwona.

"Ni mimi," babu alisema. "Nilimtuma mtoto mmoja ofisi ya kata."

Alikuja taratibu na sahani yake, akaifunua. Firigisi ilikuwa nzima.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo ufe. Mama yako ningemwambia angenisikia? Na wewe mjukuu wangu ulijua, ukaniletea mimi."

Nilimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote, nikaipokea sahani mkononi mwake. Mama akamtazama, akaweka mwiko chini, akapisha. Alilia mpaka gari lao lilipotokomea.

Jumapili wageni walikula ndizi na maharage. Mama mwenyewe alisimama akawaeleza kwa nini hakuna nyama. Wapo waliocheka pembeni, mwanangu, sitakudanganya. Lakini wote walirudi makwao kwa miguu yao.

Sasa nasikia umeanza kufuga huko Kikwe. Vizuri. Kuku wakiugua, mwite daktari wa mifugo kabla hujatafuta kisu. Dawa ya shamba iache shambani. Na serikali ikija kuchukua nyama yako mbovu, pisha, hata kama ukumbi umejaa watu. Aibu ya sufuria tupu hupita. Na kabla hujampakulia mtu, kumbuka kwamba hajui ulichokijua wewe.

Mungu aibariki mikono yako. Atakayekula kwako alale salama, na asubuhi aamke akikutaja kwa wema.