Kilango cha Matone

Walimwita Matone kwa sababu hakuweza kuona tone likidondoka akanyamaza. Bomba la jirani likivuja, yeye ndiye aliyekosa raha. Gari likipita na kuacha alama ya oili barabarani, alilisindikiza kwa macho hadi kona: "Huyo anavuja damu, wala hana habari."

Alikuwa fundi wa magari. Mkewe alikuwa na chumba cha kuchapia kilichopakana na gereji, na printa yake ilikuwa na maradhi sugu: ikizimwa, wino ulirudi nyuma kwenye mirija, na asubuhi kurasa zikatoka na michirizi myeupe. Matone akatengeneza kilango kidogo cha shaba chenye kipande cha mpira, kinachofunguka upande mmoja tu. Wino ukishapita, haurudi. Siku hiyo mkewe alichapa picha ya maharusi, rangi zote zimekaa mahali pake, akamkumbatia mumewe mbele ya wateja.

"Jamani, mwenzenu nimeolewa na akili!"

Sifa humlevya hata asiyekunywa. Matone akahamia kwenye injini. Gari likilala, oili hushuka chini, na likiwashwa vyuma vya juu husagana vikavu kwanza. Kwa nini kilango kama kile kisiizuie oili huko juu? Akatengeneza kikubwa zaidi, na mpira akaukata kwenye kile kipande kilichobaki alipotengeneza cha printa.

"Huo utastahimili moto wa injini?" mkewe aliuliza.

"Mpira ni mpira, mama."

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mabati. "Nifungie mimi, shemeji. Ukija kuwa mtu mkubwa usijifanye hunijui."

Matone akamfungia. Alipomaliza, akamwonya: "Taa ya oili ikiwaka usishtuke. Kilango bado kigeni, kitazoea."

Mwanzoni injini iliunguruma kwa ulaini, hata shemeji akawa anawasimamisha watu waisikilize. Kisha siku moja, akiteremka mlima na shehena ya mabati, taa ikawaka. Akaendelea. Kwenye kona injini ikakwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, na pikapu ikaserereka hadi kwenye ukuta wa daraja. Mabati yakaja mbele, yakamponda mguu. Hospitali wakamkata mguu wa kulia juu ya goti.

Pikapu ilivutwa hadi gereji. Matone aliifungua mwenyewe, mkewe amesimama pembeni. Ndani ya kilango, mpira ulikuwa umevimba kama ulimi wa mgonjwa, umeziba tundu lote. Oili haikuwa na pa kupita.

Mkewe hakupiga kelele. "Niliuliza," alisema, akaenda zake.

Matone alipofika wodini, shemeji alimtazama kwa macho ya mtoto anayesubiri kusahihishwa. "Shemeji, taa iliwaka. Nikakumbuka ulivyoniambia. Nilikosea? Ningesimama?"

Matone alishika chuma cha kitanda. Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi. "Ungesimama ungepona," akasema. "Mimi ndiye niliyekuambia usijali. Mpira uliziba. Kosa ni langu."

Kijana akageuza uso ukutani.

Gereji ikafungwa. Hakuna aliyeifunga, Matone alishindwa tu kushika tena spana, na wateja wakatafuta kwingine. Shemeji alipotolewa hospitali, kidonda bado kibichi, hakuwa na pa kwenda ila kwa dada yake, kwa hiyo alilazwa chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo. Dada mtu anamwosha, anamlisha, anamgeuza. Kwa mumewe hasemi ila la lazima: chumvi imekwisha, mlango ufungwe.

Kumbeba mgonjwa ni kazi ya watu wawili, na kila mtu nyumbani analijua hilo. Lakini Matone akiingia, kijana huvuta shuka hadi kifuani na kufumba macho. Kwa hiyo kila asubuhi Matone huchemsha maji, huyapeleka hadi kwenye kizingiti, na kusimama pale akisikiliza mkewe anavyohema peke yake huko ndani, akisubiri aitwe. Hajaitwa.