Ombi Nililolisema kwa Sauti

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, hata kuliko ile niliyoolewa, ni Jumatano moja mchana huko Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura, nilipofungua mdomo katikati ya watu waliofumba macho. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa kwaya, hodari wa kila kitu isipokuwa kunyamaza. Ukiniona leo nimekaa kimya kwenye sherehe na watu wanasema huyu mama anaringa, ujue siringi. Kunyamaza huku nilifundishwa na jambo lililompata baba yangu.

Vita ilikuwa imeshaingia mjini. Mitaa ilikuwa imegawanyika, huu wa hawa, ule wa wale, na vijana wenye mapanga na guruneti walisimama njiani kuuliza mtu ametoka wapi. Nyumbani kwetu baba alikuwa wa upande mmoja na mama wa upande mwingine. Kabla ya hapo lilikuwa jambo la kutaniana tu wakati wa kula. Sasa hapakuwa na mtaa hata mmoja ambao ungetupokea sote. Geti likigongwa, hata kama ni muuza maziwa, mama alimziba mdogo wangu mdomo kwa kiganja na sote tukaganda pale tulipo.

Baba alikuwa karani serikalini, mtu wa mipango. Akaamua twende Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake mama aliyeolewa huko, enzi hizo nchi bado inaitwa Zaire. Miezi miwili tu, alisema, mpaka mambo yatulie. Lakini aliyeonekana anakimbia mara nyingi hakufika, kwa hiyo hatukufungasha chochote. Tungeondoka Ijumaa, mmoja mmoja, kila mtu amebeba kile anachobeba siku zote. Mama na mdogo wangu asubuhi, na kikapu cha sokoni. Mimi saa nne, na madaftari yangu. Baba wa mwisho, mchana, akitokea kazini na koti lake na faili kwapani. Nguo ziachwe kwenye kamba na maharage yaachwe jikoni, ili nyumba ionekane ina watu.

Aliniita peke yangu, maana alinijua. "Mama," akaniambia, ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, "mutu asijue. Hata mutu moja."

"Sitasema, papa."

Na kweli nilikusudia. Sikumwambia rafiki yangu, wala kijana aliyekuwa akiniandikia barua. Ila hofu, mwanangu, hofu ilinikaba. Tangu Jumatatu chakula changu nilikuwa nampa mdogo wangu. Nikikaa namwona baba anashushwa kwenye gari, nikisimama namwona tena. Jumatano mchana nikaenda kwenye kikundi chetu cha maombi, nyumbani kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Mzee. Tulikuwa watu kama kumi na wawili, wa pande zote mbili, na tulijisifu sana kwamba vita haijaingia humo ndani. Mama Mzee akauliza kama kawaida yake, "Nani iko na ombi?" Mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwingine, mume wake amefukuzwa kazi. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema:

"Mutuombee. Ijumaa familia yetu tunavuka Uvira. Papa ndiye atatoka wa mwisho, na mi naogopa."

Wala sikuona kwamba nimetoa siri. Niliona nimemwambia Mungu. Waliniwekea mikono kichwani, nikalia, moyo ukatulia, nikarudi nyumbani nina njaa kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ijumaa mama na mdogo wangu walifika salama. Mimi nilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Gatumba, karibu na mpaka. Kijana mmoja akafungua daftari langu, akasoma jina langu, akanitazama mimi, akatabasamu. "Pita, dada. Safari njema." Nilidhani ni maombi yanafanya kazi.

Baba alipaswa kufika saa nane. Saa nane ikapita, ikaja saa kumi. Mama alikuwa anachambua mchele ambao dada yake alikuwa ameshauchambua. "Atakuja, kazi imemushika," mama mkubwa alisema. Jumamosi nilisimama barabarani kutwa nzima, na kila gari lililotokea upande wa mpaka nililikimbilia kuchungulia waliomo. Nilijua kitu ambacho mama hakukijua na sikuweza kumwambia. Nilijaribu kuomba, nikaogopa. Ombi langu la mwisho lilikuwa limesikiwa na watu wengi mno.

Alifika Jumapili alasiri juu ya lori la magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, ambalo dereva wake alimwokota kando ya barabara. Hana viatu, hana koti, kitambaa kimezungushwa kichwani na damu imekaukia upande wa kushoto. Mama alipiga magoti palepale barabarani. "Ilikuwa wezi," baba alimwambia. "Wezi tu."

Kesho yake aliniomba nimsindikize ziwani anawe. Tulikaa juu ya mawe. Akaniambia vijana wa kizuizini walikuwa wanamngoja. Walimwita kwa jina lake wakamshusha. Walijua familia imekwisha kuvuka na yeye ndiye wa mwisho. Walitafuta pesa walizodhani amezibeba, wakazikosa, ndipo wakaanza kumpiga kichwani kwa kitako cha bunduki. Mmoja wao alikuwa akicheka. "Muzee, si mulitaka kuombewa? Basi siye ndiyo tunasema amina."

Nilitamani ziwa linimeze. Baba hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mama, uliomba Mungu ao uliomba watu?"

Nikamweleza yote, kila neno nililolisema. Akachota maji akanawa uso, halafu akasema, "Mama yako asijue." Mara hiyo nilitii. Mama amekufa akiamini kwamba walikuwa wezi.

Baada ya miezi miwili tulirudi Bujumbura, nami nikaenda kwenye kile kikundi mara moja tu. Walinikumbatia wote. Mama Mzee alisema hawakuacha kutuombea hata Jumatano moja, na ninaamini alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa natazama uso mmoja mmoja najiuliza, ni wewe? Au ni wewe? Pengine hapakuwa na aliyetaka kutudhuru. Pengine mmoja alimsimulia mume wake kwa huruma tu, na mume akamsimulia ndugu yake. Sijajua na sitajua. Watu wote wale walionipenda niliwakimbia kwa sababu ya mmoja nisiyemjua, na hilo pia ni kosa langu mimi, si lao.

Baba aliishi miaka mingi baadaye, ila sikio lake la kushoto halikusikia tena. Kila nilipomwambia neno, aligeuza kichwa polepole anitegee la kulia. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukijawa na hofu, utatamani mno mtu wa kumwambia, na kila mtu utakayemwona atakuwa na uso mwema. Kabla hujasema, jiulize: hili likijulikana, nani atapigwa? Ikiwa ni wewe, sema ukipenda. Ikiwa ni mwingine, neno hilo si lako, hata likikuchoma kifuani. Ingia chumbani, funga mlango, lia ushibe. Sikukatazi kuomba na wenzako, mimi mwenyewe bado naomba nao. Lakini wakiuliza nani ana ombi, unaweza kusema, "Ninalo, Mungu analijua," ukaketi. Inatosha, na hakuna atakayekudharau. Na hao wanaokutangazia safari zao kwenye simu, tangu siku ya kupanga mpaka saa ya kuondoka, wapende, ila usiwaige.

Mungu akupe nguvu ya kubeba hofu yako bila kumtwika mwingine. Akulindie mdomo siku ambayo moyo umekushinda. Na ikiwa siku moja nyumba yenu italazimika kuondoka, awafungulie njia, awafikishe wote, na hasa yule atakayetoka wa mwisho.