Kubadhi la Mama Dirishani

Mimi Kiingereza nilikijua kwa mikono kabla ya kukijua kwa mdomo, na wa kulaumiwa ni mama yangu. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru, shule ya kati ya Kismayo ilisomesha kwa Kiingereza, na mtoto wa kisiwa chetu cha Chovae aliyetaka kuingia ilimlazimu avuke akatahiniwe. Mwalimu wetu wa kisiwani alituonya kwamba mtahini wa mwaka ule anapenda vitendo. Anakwambia fanya hivi, nawe ufanye. Na katika vitendo vyote, alisema, hachoki na vya kurusha.

Basi nyumba yetu ikawa haikaliki. Mama hakujua hata herufi moja, lakini alinishurutisha nimfundishe kila neno apate kunitahini mwenyewe huku anapika. Akisema "toss", narusha kitunguu juu kidogo, kwa upole, nakidaka. Akisema "fling", natupa tambara kama mtu aliyechoshwa nalo. "Cast" ilikuwa kimia cha baba, wavu wake wa kuvulia, nikakitandaza uani mpaka kuku wakanaswa. "Hurl" ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hurl ni nguvu zote, alisema, na kunguru waliotua kwenye papa wetu aliyeanikwa waliijua vizuri sana. Mama alitaka nisome kuliko nilivyotaka mwenyewe. Nafasi ilikuwa hiyo moja tu. Nikianguka, narudi kuanika papa.

Siku ya mtihani sikuwa na viatu. Tulipofika shuleni mama akavua makubadhi yake, akanivisha, akabaki pekupeku uani, chini ya dirisha. Ndani alikaa mtahini, Mzungu mwembamba, na kando yake mwalimu mkuu, Msomali wa mjini pale. Mezani palikuwa na chaki, karatasi, na nusu ya mkate wa mofa ambao Mzungu alikuwa akiunywea chai. Akaniambia toss, akionyesha chaki. Nikairusha, nikaidaka. Fling, karatasi. Nikaitupa. Moyo ukaanza kutulia. Kisha akauonyesha ule mkate, akasema, "Hurl."

Kwetu mkate hautupwi. Ukianguka unaokotwa, unabusiwa, unawekwa mahali pa juu. Nikauchukua, nikaizunguka meza, nikampa kwa mkono wa kulia. Akaurudisha pale pale, akalirudia neno polepole, kama anayesema na kiziwi. Nikampa tena. Akatikisa kichwa, akashika kalamu. Hapo nilitaka kulia. Kiingereza changu chote kilikuwa cha kurusha. Cha kukataa kurusha sikufundishwa. Nikawaona papa na kunguru wao wakiningoja.

Nikavua kubadhi moja, nikamwonyesha. "Hurl," nikasema, nikalivurumisha kwa nguvu zote. Wallahi niliulenga ukuta. Likatoka dirishani.

Mwalimu mkuu akainama, akamnong'oneza mwenzake maneno mengi, akiuelekezea kidole ule mkate. Mzungu akautazama kama ndio kwanza umeletwa. Akawa mwekundu, akacheka kidogo, akaandika. Mwalimu mkuu akanigeukia kwa Kiswahili: "Kamwambie mama yako akutafutie pa kulala hapa mjini. Jumamosi tunafungua."

Alhamdulillahi. Nilishusha pumzi, na hata leo nikikumbuka naishusha tena.

Nilitoka nikichechemea, mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu. Mama alikuwa amesimama, amelikumbatia lile kubadhi kifuani, uso umemsawijika. Sikumngoja aulize. "Nimepita, mama." Akaketi mchangani hapo hapo, akalia, akajifuta kwa ncha ya leso. Alipomaliza akanivua lile jingine, akavaa yote mawili, tukaondoka.

Tulikuwa tumekaribia sokoni aliponiuliza ile ya dirishani ilikuwa ipi.

"Hurl," nikasema.

"Hiyo niliijua. Ilinipita sikioni." Akaligusa sikio. "Nilidhani umemlenga yule Mzungu ukamkosa."